Nilimwamkia Mtani, Kiwanja Kikaandikwa Chake

Mpendwa mshauri wetu Bi Apolonia,

Baada ya salamu nyingi naomba msaada wako, na naomba upesi, maana siku ya mkutano inakaribia na kichwa changu hakishiki tena kitu, hata kwenye sala napoteza hesabu ya rakaa. Mimi ni mtu mzima mwenye mvi, mkulima wa korosho na muhogo katika mji mdogo ulio njiani ukitoka Lindi kwenda Rutamba, na sijapata kumwandikia mtu wa gazeti hata siku moja, ila hapa kwetu kila ninayemweleza jambo langu anacheka kwanza, wengine wanakaa chini kabisa ili wacheke vizuri, ndipo nikaona bora nimwandikie mtu wa mbali ambaye hata akicheka sitamsikia.

Jambo lenyewe ni hili. Serikali imeamua kwamba kijiji chetu sasa kiwe mji wa kupangwa. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, alikuja akatuambia nyumba zetu zimekaa ovyo kama mbuzi waliolala, kwa hiyo anataka barabara moja iliyonyooka, soko mwishoni mwake, na viwanja vilivyokatwa sawasawa huku na huku, kila kiwanja na mwenyewe, na akishapitisha ramani hakuna kugeuza. Kiwanja changu, Bi Apolonia, kimeangukia ubavuni kabisa mwa soko, mahali ambapo mtu akiuza hata maji atauza, nami nikawa natembea mjini nimeinua kidevu kwa bahati hiyo.

Akaletwa bwana mpima, kijana wa Kizungu, mpole sana, aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu. Kazi yake aliifanya hivi: alitembea na wabeba vigingi, Jumbe Bakari mbele, sisi raia nyuma, na kila akifika penye nyumba anasimama, Jumbe anauliza kwa sauti, "Hapa pa nani?" Mwenye mahali anajibu, watu wasipobisha basi imekwisha, kigingi kinapigwa na jina linaandikwa.

Sasa yupo mtu anaitwa Valentini, fundi cherehani, mdogo kwangu sana, nilioa yeye akiwa bado anakimbia uchi mvuani. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu. Baba yangu alipofariki Valentini alinivua kofia akaivaa yeye, akakaa nayo hitima nzima akipokea pole za watu, na siku ya arusi yake mimi nilimpaka majivu usoni mbele ya bibi arusi, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu kwetu kukasirikia utani ni aibu kuliko kuiba.

Basi tulipofika kwangu Jumbe akauliza, "Hapa pa nani?" Kabla sijafungua mdomo Valentini akachomoka kwenye kundi, kajishika kiuno kama mzee, akasema, "Hapa pangu! Huyu Huseni ni mjukuu wangu, nimemweka anilindie kuku." Sasa wewe ungefanyaje? Mtani akikutupia neno mbele ya watu ukakosa la kujibu, umekwisha. Nikapiga magoti palepale vumbini nikamwambia, "Shikamoo, babu! Kuku wako wazima wote, ila jogoo anakusengenya." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Watu walicheka, Jumbe Bakari alicheka mpaka akaegemea ukuta wa jiko langu, ambamo mke wangu alikuwa anapika, na mimi mwenyewe nilicheka, sikufichi, nilijiona nimejibu vizuri sana.

Ambaye hakucheka ni bwana mpima. Alimtazama Valentini, akanitazama mimi niliye magotini, akauliza, "Ni kweli?" Jumbe akajifuta machozi, akasema, "Si umesikia mwenyewe, bwana? Ameamkiwa." Bwana mpima akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, maana kitabu chake kilimfundisha kuwa shikamoo hupewa mkubwa, akaandika, kigingi kikapigwa, tukaenda nyumba ya pili bado tunacheka. Mimi nilidhani kila mtu anajua ni utani, Bi Apolonia. Nilidhani hata Serikali inajua.

Ramani iliposomwa nyumbani kwa Jumbe, kiwanja changu kikatajwa kwa jina la Valentini. Nikamwendea nikicheka, nikamwambia, "Haya babu, utani umetosha, twende ukaseme." Akanijibu, "Mjukuu wangu, unanifukuza kwangu?" Nikacheka. Mara ya pili nilicheka kidogo. Mara ya tatu nilimkuta yeye amekuja, amebeba cherehani yake, ameiweka barazani kwangu na anashona suruali ya mtu. Hapo niliwaka, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Wazee wakakaa, wakaamua kwamba nimekasirikia utani, wakanitoza kuku, na kuku akaliwa na Valentini huku akinung'unika kwamba hata hivyo alikuwa kuku wake mwenyewe.

Idi ikipita Bwana Shauri atakuja kufanya mkutano wa mwisho. Mwenye neno juu ya kiwanja aseme siku hiyo, baada ya hapo ramani inafungwa. Nikisema nilikuwa natania, nitakuwa nimeidanganya Serikali nikiwa nimepiga magoti, na Jumbe atakuwa amecheka kazini, hatanisamehe. Nikinyamaza, natoka kwenye nyumba hiyo na kwenda kuanza maisha porini na mvi zangu. Usiku silali, mchana Valentini ananiamsha na cherehani.

Mke wangu Adija, namshukuru Mungu, yeye hajanisumbua. Tangu siku ile hasemi kitu, anapika, anateka maji, anafagia kumzunguka Valentini na cherehani yake, na kwa kuwa ukoo wake hauna utani naye, wakipishana mlangoni hata hawachekani. Nami sijamwambia mengi, mambo ya ramani wanawake hawayajui. Nyumba hiyo nimekaa tangu nilipomwoa nikahamia kwao kama ilivyo desturi yetu, mjomba wake Mzee Hasani wa Nyangamara ndiye aliyenionyesha pa kujenga, mikorosho ile aliipanda marehemu mama mkwe wangu, Bi Mwanaima, Mungu amrehemu, tumekaa kwa amani miaka yote, leo nifukuzwe na mtani kwenye kiwanja changu?

Niambie nifanye nini. Nikang'oe vigingi? Nimpige, kisha nitoe kuku mwingine? Au nikae tu niendelee kumwita babu mpaka nife?

Ni mimi,
Huseni, mwenye kiwanja, njia ya Rutamba.

*

Bwana Huseni,

Nimecheka, na kweli hukunisikia. Sasa nimemaliza, tukae tuseme.

Pole. Mtu kupoteza nyumba kwa sababu alijibu utani vizuri ni msiba ambao sijapata kuusoma kabla ya leo, na nimesoma barua za watu wengi waliojitafutia balaa. Nimezaliwa huko kwenu, najua kwamba mtani akikurushia neno, ulimi unajibu wenyewe kabla akili haijafika. Lakini akili yako, baba, ilichelewa mno. Mtu amesimama na ramani, mwingine ana nyundo na kigingi, wewe unaleta habari za jogoo!

Vigingi usiguse. Vile ni vya Serikali, na askari hana utani na ukoo wowote. Kumpiga Valentini pia acha, atakula kuku wako wa pili na wewe utakula uji wa gerezani. Wala usiwalaumu wazee waliokutoza. Ulikasirika, na desturi unaijua.

Kuhusu Valentini nitasema neno moja. Kofia yako alikurudishia hitima ilipokwisha, sivyo? Mtani anachukua kitu chako watu wacheke, kisha anakirudisha. Aliyekuja na cherehani na wateja haendelei kutania, huyo amehamia. Analijua hilo yeye mwenyewe, na ndiyo maana kila ukimwendea kwa maneno ya maana anakuita mjukuu. Ameona kwamba utani ndio ukuta wake, na wewe kila siku unamsaidia kuujenga.

Hayo ni ya Valentini. Sasa tuje kwako.

Nimesoma barua yako mara ya pili nikitafuta kiwanja chako. Sikukiona. Nimeona nyumba uliyohamia ulipooa. Nimeona mjomba wa mkeo akikuonyesha pa kujenga, maana hapakuwa pako, ungejionyesha mwenyewe. Nimeona mikorosho ya mama mkwe wako, na huko kwenu ardhi hufuata upande wa mama. Umeniandikia yote hayo kwa mkono wako, kisha ukashuka chini ukatia sahihi "mwenye kiwanja". Basi niambie, wewe na Valentini mnagombania nini? Pale mahali pana mwenyewe, naye anafagia kuwazunguka nyote wawili.

Yaani Jumbe kauliza "Hapa pa nani?", wanaume wawili mkajibu, mmoja kwa uongo wa kuchekesha na mwingine kwa magoti, na mwenye mahali yuko jikoni, kwenye jiko lilelile ambalo Jumbe aliegemea ukuta wake kwa kicheko. Mlikigawa kiwanja cha mama yake yeye akiwa anasikia, na bado siku hiyo ukala alichopika.

Unasema Adija hajakusumbua. Ah, Bwana Huseni! Mwanamke anayefagia kimya kando ya cherehani ya mtu baki, juu ya ardhi ya mama yake, hajatulia. Anakutazama. Anangoja aone mumewe atakumbuka lini kwamba anaishi kwa watu. Umekaa mbele ya wazee, umemwendea hata Valentini, umeniandikia mimi nisiyekujua, na katika barua yote hiyo ndefu hukuniambia mkeo anasemaje. Hukumwuliza. Unasema mambo ya ramani hayajui. Wewe uliyeyajua umefika wapi?

Basi sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu, usinirukie mbele.

Ukimaliza kusoma gazeti hili, likunje, nenda jikoni, ukae kwenye kibao, umwambie mkeo, "Adija, nimekosa, nilijibu juu ya mahali pako." Usianze kumweleza habari za mtani na mababu, anazijua. Atakayokuambia baada ya hapo yapokee yote, hata yale marefu.

Kesho yake nenda Nyangamara kwa Mzee Hasani. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Mwambie ulichofanya, akuseme mpaka achoke, kisha umwombe aje mkutanoni asimame nyuma ya mpwa wake.

Siku ya mkutano, Bwana Shauri akiuliza nani ana neno, asimame Adija. Yeye na Valentini hawana utani, kwa hiyo anaweza kukasirika wazi mbele ya mji mzima bila kutoa hata yai. Katika mji wenu wote, kwa jambo hili, hakuna mtu aliye huru kuliko yeye, na ndiye uliyemwacha jikoni. Jumbe Bakari akisema wanawake hawasemi kwenye mikutano, mwulize kwa adabu cheo chake cha ujumbe alikirithi kwa nani. Kama desturi haijabadilika tangu nilipoondoka huko, alikirithi kwa mjomba, upande wa mama. Atakohoa kidogo, kisha atamruhusu.

Nawe ukiulizwa, usiseme "nilikuwa natania". Serikali haina mahali pa kuandika hilo. Sema, "Niliulizwa hapa pa nani, nikajibu na hapakuwa pangu." Ni kweli, ni fupi, na halimwangushi Jumbe wala bwana mpima. Linakuangusha wewe peke yako, na wewe magoti umeshayazoea.

Valentini akitaka kuendelea kushona pale barazani, amwombe mwenyewe. Akikubaliwa, vizuri. Akikataliwa, abebe cherehani yake, na wewe usimsaidie kubeba. Nawe pia, Adija akikuacha uendelee kukaa hapo, ushukuru, usianze tena kutembea umeinua kidevu.

Limebaki moja. Huenda yule bwana mpima atakuwepo na kitabu chake, na huenda baada ya maneno yote bado atatazama huku na huku, asijue amwamini nani. Sisi tunajua anachokitafuta. Anatafuta anayeamkiwa. Basi hapo, mbele ya Bwana Shauri, mbele ya Jumbe, mbele ya Valentini na mji mzima, mgeukie mkeo, upige magoti kama ulivyopiga siku ile, umwambie kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, Adija."

Watu watacheka. Waache wacheke. Safari hii, Bwana Huseni, wewe usicheke.

Bi Apolonia