Jogoo wa Mama Mdogo

Mama, shikamoo. Lushoto ni ukungu na baridi, ila mapeasi yameiva.

Jumapili nilisali kanisani kwenu na mama mdogo. Baada ya ibada sadaka za mavuno zilinadiwa nje, kama ulivyonisimulia. Zamani wagombea udiwani walikuwa wakigombania jogoo ili washarika wawaone. Uchaguzi umekaribia, lakini hakuja hata mmoja. Wote walikuwa kwenye kijiwe cha bodaboda, wakiomba kura za vijana. Jogoo wa mama mdogo akakosa mnunuzi. "Rudi naye tu, mama," mzee wa kanisa akamwambia.

Nyumbani nikasema tumchinje. Akakataa. "Nilishamtoa kwa Mungu. Siyo wangu."

Nakubebea mapeasi, mama. Mvua imeanza, na jogoo bado amefungwa uani, hana mwenyewe.

Mwanao,
Neema