Baba Anang'arisha Gari

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa ngumi iliyoinuliwa juu! Nyumbani tu wazima. Mama ameshona mapazia mapya, nami naongoza wanafunzi wanaodai maktaba ifunguliwe Jumapili.

Barua yako ya kuuliza kama wewe na mumeo mnaweza kuja nilimsomea mama kwa sauti, baba akijifanya amelala. Mtawala yule aliapa kwamba ukiolewa na fundi bomba usikanyage tena kwake. Basi sikiliza! Asubuhi nimemkuta uani, kitambaa laini mkononi, akilipaka gari dawa ile ya kung'arisha inayojaza mikwaruzo midogo mpaka boneti inakuwa kioo.

Nikamkabili: "Mzee, unamng'arishia nani?"

"Gari ni langu. Hapa si chuoni, usinihutubie."

"Basi malizia na nta juu yake. Bila nta, ukiliosha mara mbili tu, mng'aro wote umekwenda."

"Najua. Nta nitapaka nikishajua siku." Akausugua mlango wa nyuma, upande uliozoea kukaa wewe. "Wanafika lini hao? Na huyo fundi wake ni mrefu? Nisije nikambana magoti."

Mama, aliyekuwa akitusikiliza mlangoni, alikimbilia jikoni, akacheka huku analia.

Dada, neno "nimekusamehe" hajalitamka, nami nakusihi usimdai. Tawala nyingi huanguka kwa kishindo. Huu wetu unaanguka taratibu, ukisugua mlango. Tuma tarehe upesi, pamoja na urefu wa miguu ya shemeji.

Mdogo wako asiyesalimu amri,
Mwanaharakati wa chumba cha uani