Makuti Juu ya Bati

Jumatatu, 2 Oktoba 1967
Hesabu za kugawanya. Nusu ya darasa la nne wako mikoroshoni wanaokota korosho. Binti yangu Somoe kapata zote tena. Shule yetu inaishia la nne. Leo barua ya halmashauri: kodi ya nyumba ikitosha, Januari tunapewa darasa la tano. Mkadiriaji anakuja Ijumaa kuandika mapaa, maana bati hulipa zaidi ya makuti; mimi nimwongoze. Furaha imenizidi. Mke wangu Mwanahawa hakufurahi. Kodi ikipanda haishuki, kasema.

Jumatano, 4 Oktoba
Kila baraza wanasuka makuti, hata wenye nyumba za bati. Nikiuliza, wananisalimia vizuri sana, basi. Nimekasirika. Baada ya magharibi nimesema msikitini: kodi hii ndiyo darasa la watoto wenu. Mkwe wangu, Mzee Saidi, akajibu kwa upole: “Mwalimu, ya juzi walisema ni ya barabara. Iko wapi?”

Ijumaa, 6 Oktoba
Bati zote zimefunikwa makuti. Mabichi, ya kijani. Mkadiriaji, kijana wa Shangani mjini, viatu vimejaa mchanga, anaandika tu: makuti, makuti, makuti. Nikamwambia atazame vizuri.
“Naandika ninachokiona, mwalimu.”
Nyumba ya mwisho ilikuwa yangu, ya bati. Imefunikwa. Ni Mwanahawa na kaka zake, mimi nikiwa nazunguka na mkadiriaji. Kijana akanitazama, akangoja. Kusema ni kumwaibisha mke wangu mbele ya ukoo wake mzima. Nikatazama viatu vyake. Akaandika makuti.
Najidharau.

Jumapili, 8 Oktoba
Sisemi na Mwanahawa. Kapika muhogo na samaki, nimekula. Somoe kauliza madaftari ya la tano yana mistari ya namna gani. Nimemjibu vibaya.

Jumanne, 16 Januari 1968
Barua. Kodi ya kijiji haitoshi. Hakuna la tano. Lililo karibu liko Mikindani, na ukoo hautakubali mtoto wa kike akalale huko. Wazee wamekuja kunipa pole, kwa moyo kabisa. Nimlaumu nani nisijitaje?

Alhamisi, 18 Januari
Mvua tangu alfajiri. Nimerudi mapema. Zamani mvua ikipiga bati, humu ndani tulikuwa hatusikilizani. Sasa makuti yanaituliza. Somoe yuko mkekani, anasoma kwa sauti kitabu cha la nne, kuanzia mwanzo. Nasikia kila neno.