Msonyo Uliokatwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi: Ikungi, Mkoa wa Singida
Jina la shahidi: Magdalena Mughwai
Umri: miaka 56
Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo
Kazi: mkulima wa alizeti na mtama
Makazi: kitongoji cha Mlimani, Ikungi
Tarehe: 19 Juni 2025, kuanzia saa nne asubuhi
Kuhusu: kamera ya Televisheni ya Upeo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu na akili zangu ni timamu. Nimekuja mwenyewe, sijaitwa. Shemeji yangu Paschal, mdogo wa marehemu mume wangu, yuko mahabusu hapa tangu juzi akituhumiwa kuiba kamera ya televisheni. Hajaiba. Naomba hilo likae mwanzoni, na lisikatwe.

Mnamo mwezi Juni mwaka jana nilikuwa shambani kwangu nakata vichwa vya alizeti. Likaja gari jeupe la Televisheni ya Upeo, wakashuka binti anaitwa Lucy na kijana wa kamera anaitwa Christopher. Upeo kila mtu anaijua kuwa ni ya serikali, ndiyo inayoonyesha Bunge. Lucy alinipa shikamoo vizuri, nikaona huyu amelelewa. Akaniuliza kama mbegu niliyopanda ni Nuru Saba. Nikamjibu ndiyo, kwa bahati mbaya. Akasema, "Mama, tunafanya tangazo. Wewe ongea tu, jisikie huru."

Afande, mimi tangazo ninalolijua ni la kanisani baada ya mahubiri, au la mtendaji wa kijiji akipita na kipaza sauti: ng'ombe wa fulani kapotea, kuna kipindupindu, chemsheni maji. Nikafurahi. Nikajua serikali imesikia habari za mbegu ile na inataka watu watahadharishwe.

Nikachukua kichwa kimoja cha alizeti, kikubwa kama ungo. Nuru Saba ndivyo ilivyo. Kwa macho utaipenda, lakini ukisugua kile kichwa zinatoka pepe tupu, hakuna kiini, na kwenye mashine ya kukamua unarudi na mashudu bila mafuta. Nikakiinua juu wakione. Nikasonya. Nikasema, "Mbegu hii haina mfano. Tangu nizaliwe sijaona." Halafu nikakisugua mbele ya kamera, zile pepe zikapeperuka, nikaeleza hasara yote mpaka koo likakauka. Christopher alirekodi kila kitu. Lucy akaniambia pole sana mama, wakaondoka. Majirani sikuwaeleza hasara yangu, nilijua tangazo litawaeleza.

Hapo naona umeandika "nikasema" tu. Tafadhali tanguliza "nikasonya". Kesi yote iko hapo. Mtu wa huku akisonya halafu akwambie kitu hakina mfano, hata mtoto anaelewa amekusudia nini.

Mwezi Novemba nilikwenda Singida Mjini kwa binti yangu Pendo, alikuwa amejifungua. Nilikaa naye mpaka mwaka mpya. Sina televisheni, na Pendo naye hana. Paschal ndiye anayo, ya sola.

Niliporudi mwezi Januari nilikuta shamba la Paschal lote limepandwa Nuru Saba, hadi kipande cha mtama wa chakula. Mama Miraji jirani yetu naye vilevile. Nikamwuliza Paschal, "Nani kakudanganya?" Akanijibu, "Wewe, shemeji." Akaniketisha sebuleni kwake, tukasubiri taarifa ya habari iishe. Nikajiona. Nimeinua kichwa cha alizeti, nasema, "Mbegu hii haina mfano. Tangu nizaliwe sijaona." Kisha muziki, kisha mwanaume ananadi mbegu na kutaja maduka. Msonyo hakuna, pepe hakuna, hasara yangu hakuna. Nimebaki mimi na kitambaa changu cha kichwani, nasifia.

Nilimweleza Paschal nilichokisema siku ile. Akacheka. Akasema, "Shemeji, ile ni televisheni ya serikali. Au unataka uvune peke yako?" Neno hilo liliniuma sana, sitaficha. Tangu kaka yake afariki Paschal ndiye anayenilimia kwa ng'ombe wake kabla hajalima kwake. Tangu siku hiyo tukawa tunapeana salamu tu.

Pendo alipiga simu Upeo mbele yangu. Idara ya habari wakasema hiyo siyo habari, ni biashara. Idara ya biashara wakasema malalamiko yapelekwe kwa mteja. Nikaichukua simu mwenyewe nikauliza mteja ni nani. Yule baba wa idara ya biashara akasema ni kampuni ya mbegu. Nikamwuliza, sasa mimi ni nani? Akasema, "Wewe mama ni mtazamaji wetu." Nikamwambia sina televisheni. Akanishukuru kwa kupiga simu. Nilikaa na ile simu sikioni imeshakatika, hasira mpaka nikashindwa kula.

Mwezi Mei mwaka huu watu walivuna. Paschal alikuja kwangu na kichwa kimoja cha alizeti, akakiweka kizingitini, akaondoka. Nilikisugua. Sina haja ya kueleza kilichotoka.

Mnamo tarehe 17 Juni 2025, majira ya saa tano asubuhi, lile gari lilirudi. Lucy akashuka anacheka, ananiita "mama yetu wa Nuru Saba". Alisema wamekuja kurekodi mafanikio. Majirani wakajaa, Paschal naye akiwemo. Nikamwuliza kwa nini walikata maneno yangu. Akasema, "Mama, sisi tunarekodi tu, wanakata Dar es Salaam. Televisheni ni ya serikali, lakini gari hili linakwenda kwa matangazo. Mteja akikasirika, sisi hatuna mshahara." Sauti yake ilikuwa imeshuka na nadhani alisema kweli. Nikamwambia basi nirekodi upya, nami niseme kweli. Akasema hawezi bila ruhusa ya mteja. Mama Miraji akamwuliza, "Ruhusa ya kusema shamba langu limekufa anayo mteja?"

Hapo ndipo Paschal aliponyanyua kamera na miguu yake mitatu. Hakumsukuma mtu wala kutukana. Alisema, "Hii itakaa kwa mtendaji mpaka shemeji yangu aongee tena. Na msonyo wake muuonyeshe." Miezi yote ile hakuwa amenitetea kwa neno. Nikavua khanga ya mabegani nikaifunika kamera, kulikuwa na upepo na vumbi, na ile ni mali ya umma. Tukaongozana wote hadi ofisi ya kijiji, Lucy na Christopher wakiwa nyuma yetu. Paschal akaiweka juu ya meza ya mtendaji, Bwana Mazengo, akakaa kwenye benchi kusubiri. Aliyepiga simu polisi simjui. Askari walimkuta Paschal pale pale kwenye benchi na kamera iko mezani chini ya khanga yangu.

Naomba mniambie ni mwizi gani anachukua kitu mchana, anakifunika kisipate vumbi, anakipeleka kwenye ofisi ya serikali akiwa na wenye mali. Kama Paschal ana kosa, ni kuamini uso wangu. Aliacha kupanda mtama wa watoto wake kwa sababu aliniona mimi. Sasa mkimfunga, mwakani watoto wale watakula nini, na mimi nitapita vipi mbele ya mlango wao?

Pia naomba khanga yangu. Nimeambiwa ni kielelezo. Haya.

Niliyokuwa nayo moyoni yamekwisha. Nimesomewa kwa sauti, na neno langu limerudishwa mahali pake.

Sahihi ya shahidi: M. Mughwai

UTHIBITISHO WA MWANDISHI

Mimi Koplo Bonifasi nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye ameyakubali baada ya kuongezwa neno "nikasonya" kama alivyotaka.

Naongeza kwamba shahidi alipokuwa akitia sahihi, tangazo analolisema lilionyeshwa kwenye televisheni ya mapokezi ya kituo hiki. Nililitazama. Shahidi anaonekana ameinua kichwa cha alizeti. Midomo yake inaanza kujikunja, picha inaruka, kisha anasikika akisema, "Mbegu hii haina mfano." Msonyo haukusikika.

Mtuhumiwa Paschal, akiwa mahabusu ambako televisheni haionekani ila inasikika, alisonya kabla tu ya maneno hayo. Shahidi aliweka kalamu chini akamwitikia, "Nimekusikia, shemeji."

Nimeandika kama nilivyosikia.