Maswali Matatu kwa Chumba cha Goma

Kisangani, kwetu Mangobo

Yaya Kavira,

Jambo sana, dada yangu, mama yangu wa pili. Mguu wa mama unaendeleaje? Na mtoto, ameanza kutembea ao bado anajikokota kwa matako kama mimi zamani? Mimi ni mzima, tena nimenona, samaki wa hapa hawana mchezo. Simu yako haipitiki, donc barua hii nampa tonton, yule mzee dereva wa lori la sabuni, anayekuja huko Butembo. Isome yote kabla ya kufunga mizigo. Narudia, maana nakujua: kabla ya kufunga mizigo.

Kwanza nijisifu kidogo. Yule mdogo wako aliyefukuzwa shule kwa kufungua redio ya mwalimu, leo ni mjumbe. Ndiyo, mjumbe! Unajua tunatengeneza programu ya simu ya kuwaonyesha wafanyabiashara mzigo wao umefika wapi, kwenye lori ao kwenye boti. Mwanzo tulikuwa timu moja, chumba kimoja. Mtu akikosea unamrushia karanga, imekwisha. Bon, kazi ikakua, patron akatugawa: timu ya Mangobo, ndiyo sisi wakali, timu ya Kabondo, wale wa suruali za pasi, na timu ya Goma, ya bwana yako Bahati. Timu tatu, programu moja, na mmoja akikwama wote wanakwama. Kwa hiyo kila asubuhi kila timu inasimama wima, inaongea kidogo, kisha inamtuma mtu mmoja kwenye mkutano wa wajumbe. Mangobo inamtuma nani? Wenye diplome wamekaa, mimi ninakwenda.

Huko kila mjumbe anaulizwa maswali matatu. Jana mlifanya nini? Leo mtafanya nini? Nini kinawazuia? Goma wanajibu kwa intaneti. Mashine yao ya kompyuta inawaka yenyewe saa ya mkutano. Sauti yao huchelewa njiani, ndiyo maana tuna desturi: ukiuliza Goma, unanyamaza, unangoja.

Vita vilipofika Goma, mashine haikuacha kuwaka. Antena yao iko juu ya paa, umeme wao unatoka kwenye jua. Tukawa tunasikia chumba. Yaya, umewahi kusikia chumba? Mvua kwenye mabati. Kiti kinasogea kidogo. Kitu kama kitambaa kinaburutwa sakafuni, kinasimama, kinaburutwa tena. Mado, mjumbe wa Kabondo, anauliza polepole kama anaongea na mgonjwa: "Goma, jana mulifanya nini?" Tunangoja. "Leo mutafanya nini?" Tunangoja. Mimi nisiyeogopa hata mamba, siku hizo nilichagua kiti cha karibu na mlango.

Na kila mkutano ukiisha, kazi inaingia kutoka Goma. Kipande kimoja, kisafi, na jina la Bahati juu yake. Patron akapiga meza: "Munaona? Iko muzima! Anaogopa kuongea tu." Ndipo alipokupigia simu kukuambia bwana yako anafanya kazi, na wewe ukajibu kwamba unamfuata Goma.

Mimi sikutulia. Bahati ukimchokoza hawezi kukuacha. Siku ya harusi yenu nilimwambia koti lake ni la kuazima, akanijibu mpaka keki ikaisha. Basi nikaandika ndani ya kazi yetu ya pamoja, mahali anapopita lazima ili aunganishe kazi yake: "Shemeji, kazi yako inanuka samaki wa makayabu." Asubuhi kipande chake kikaingia, kimeunganishwa juu ya tusi langu, kimya. Nikaandika kubwa zaidi, lile la pua yake. Kimya. Nikafungua vipande vyake kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vimeandikwa kabla ya vita.

Nikuelezee. Tangu tumekuwa timu nyingi, patron anataka kila timu ionyeshe kitu kila siku, mstari wake wa kupimia kazi ukutani usishuke. Goma wakafanya ujanja tunaoufanya sisi wote: unamaliza kazi nyingi, unaziweka akiba, unaiamuru mashine itoe moja kila asubuhi. Mashine haijui vita. Inatoa tu.

Mado akasema, "Kumbe tulikuwa tunasalimia akiba." Patron akakaa chini, hakupiga meza.

Asubuhi ya leo niliuliza mimi. Jana? Kimya. Leo? Kimya. "Nini inawazuia?" Tukangoja. Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa na mashine, kana kwamba siku zote alikuwa amekaa palepale:

"Jana tulijificha. Leo tutajificha. Inatuzuia mulango, tunaogopa kuufungua."

Mado alinishika mkono, kucha zikaingia. Yule mama alikuwa ameyajua maswali kwa kutusikiliza, yaya. Aliyajibu moja baada ya jingine, kama mjumbe.

"Mama, weye ni nani?"

"Jirani. Niko na batoto. Papa wa mashine alitufungulia. Akasema, ile sauti ya asubuhi musiiogope, ni ndugu zangu."

"Yeye iko wapi?"

Tukangoja, tukangoja.

"Alitoka kututafutia maji. Hayarudia mpaka leo." Kisha yeye akauliza: "Bibi yake iko hapo?"

"Hapana, mama. Mimi ni shemeji yake."

"Basi. Aliniachia neno ya bibi yake. Nitamuambia yeye mwenyewe."

Nilimbembeleza. Nikamwapia kwa jina la mama yetu. Hakusema tena. Ilibaki mvua.

Donc yaya, usipande gari la Goma. Chumbani hayupo, na ile njia unaijua. Nenda parokia, omba intaneti ya paroko. Namna ya kuingia mkutanoni nimemfundisha tonton dereva mpaka amenikasirikia; atakuonyesha. Tunafungua kila asubuhi baada ya misa ya kwanza. Patron alitaka kuufunga mstari wa intaneti wa Goma ili kazi iendelee. Nikamwambia Mangobo haitoi hata kipande mpaka dada yangu aongee na yule mama. Kabondo nao wakaweka kazi chini. Mstari uko wazi.

Nisalimie mama, nisalimie baba mdogo fundi wa baiskeli, na shangazi anayeuza mboga ya sombe, mwambie ya hapa inamshinda. Mama usimwambie haya kwanza.

Ukiingia, uliza swali lako, halafu nyamaza. Usikikatize kile kimya, kwa sababu jibu liko njiani. Mimi nitakuwa upande huu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sitasema neno.

Mdogo wako,
Kambale