Kadi ya Shimo la Mwisho

Dundee, 4 Machi 1973

Shemeji Filipo,

Pokea salamu za mtu aliyevaa sweta mbili. Nipo salama, ila goti. Na kifua chako, kimetulia?

Nina neno. Agosti napata likizo ya wiki tatu kwenye kiwanja cha gofu ninakokata majani. Nataka uje tuzunguke viwanja vya mabingwa: Carnoustie, St Andrews na Troon. Unakumbuka kalenda yenye picha zake kwenye klabu yetu pale Mtwara? Wewe karani ukinisomea majina, mimi nikifagia mchanga wenye oili chafu uliowekwa badala ya majani kuzunguka mashimo. Nimeshaongea na wakala wa ndege. Ukishindwa kupiga, utatembea. Ukishindwa kutembea, kuna vigari.

Dada yako Theresia angekuwa hai angekufungia mzigo mwenyewe.

Shemeji yako,
Lourenco


Mikindani, 9 Aprili 1973

Shemeji Lourenco,

Barua imefika, nami nimeisoma nimelala. Kifua si kibaya. Moyo ndio umechoka. Daktari anasema umepanuka. Miguu imevimba hata viatu vimenikataa.

Nilimweleza jirani yangu Mwanahawa habari ya safari. Akaniambia, "Mzee Filipo, uende Ulaya kufukuza kampira, na chooni kwenyewe unashikwa mkono?" Tulicheka, kisha nikakohoa mpaka akaita watu.

Uende peke yako, shemeji. Ukaniangalizie.

Kaka wa marehemu mkeo,
Filipo


Dundee, 13 Mei 1973

Shemeji,

Pole kwa moyo. Mwambie Mwanahawa na yeye nitamkatia tiketi, akushike mkono hukohuko.

Sikubali. Nimepanga kila kitu. Carnoustie siku mbili, kwa sababu ni karibu na ninapoishi na utakuwa bado na uchovu wa ndege. Halafu tunavuka mto kwenda St Andrews. Troon mwisho, ni mbali. Wenye kiwanja nimewaandikia mwenyewe, kwa mkono wangu.

Unajua kwa nini nilijifunza kusoma? Ni kwa ajili ya mashindano ya mwaka sitini na moja. Siku ile nilijua kuchora jina langu tu. Mpaka leo sielewi nilikosea wapi kuhesabu hata wakanitoa. Huku hakuna anayeniita mwizi wa namba, lakini nikilala huwa naipiga tena ile raundi, shimo kwa shimo.

Kwa hiyo usinikatalie. Nataka kucheza tena na mtu aliyekuwepo.

Shemeji yako,
Lourenco


Mikindani, 17 Juni 1973

Lourenco,

Leo sikuulizi hali, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Barua hii nimeiandika kwa siku nne, mistari michache kila asubuhi kabla pumzi haijaisha.

Hukukosea kuhesabu. Katika gofu mchezaji haandiki kadi yake. Mwenzake humwandikia, naye hutia saini tu. Mimi ndiye niliyekuandikia. Shimo la mwisho ulipiga mara tano, ukatamka tano kwa sauti. Nikaandika nne. Ukaniuliza, "Iko sawa, shemeji?" Nikasema, "Weka jina hapa." Nilijua sheria, maana ndiyo niliyokuwa nikiichapa na kuibandika ukutani: anayetia saini namba pungufu anatolewa. Hata kwa tano zako ungeshinda, maana hakuna aliyepiga mara chache kuliko wewe.

Mshindi aliahidiwa safari ya kwenda kuviona viwanja vile vya kalenda. Nilikuwa wa pili. Nilikwenda shule ya misheni, nikavaa tai miaka kumi na minane, halafu mfagiaji ndiye aende? Hivyo ndivyo nilivyowaza. Safari yenyewe ilifutwa, sikwenda popote. Wewe ukapanda meli ya korosho kama mpishi ili usitazamane na watu. Kisimani wakamwita Theresia mke wa mwizi wa namba. Alikuja kwangu akalia, nikamwambia, "Vumilia, dada yangu." Miaka saba alivumilia, mpaka tulipomzika.

Na sasa unaniletea safari ileile hadi kitandani.

Siombi kitu. Nimechoka kuibeba siri hii, na sikutaka nife wewe ukiendelea kuhesabu usingizini.

Filipo


Dundee, 21 Oktoba 1973

Filipo,

Nimekaa miezi minne. Barua tatu nilizianza nikazichana. Moja ilikuwa na maneno ambayo hata mabaharia hawayasemi.

Nilikwenda Carnoustie, siku moja tu. Hapakuwa na wa kuniandikia, nikajiandikia. Upepo ulikuwa mbaya. Shimo la mwisho lina kijito. Mpira wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili ukatumbukia majini. Nikaongeza moja ya adhabu, nikaangusha mpira mwingine, nikaupiga mara moja ukakaa karibu na bendera, kisha nikahitaji mipigo miwili kuuingiza shimoni. Nilikaa ukingoni nikamwambia Theresia namba niliyopata. Kwa sauti, watu wakanitazama.

Kadi nimeiambatanisha. Pana nafasi ya saini ya mwandishi. Kama unaweza kushika kalamu, utie.

Sijui kama nimesamehe. Usiniulize.

Lourenco


Mikindani, 15 Novemba 1973

Shemeji,

Salamu. Hali yangu ni hii unayoiona kwenye mwandiko.

Kadi yako nimeisoma pamoja na barua, kidole hapa, kidole pale. Sikutia saini. Shimo la mwisho umeandika tano. Mpira wa kwanza, moja. Wa majini, mbili. Adhabu, tatu. Uliokaa karibu na bendera, nne. Miwili ya kuingiza. Ni sita, Lourenco.

Labda umekosea, labda umenipima. Sitauliza hilo pia. Nimekurudishia. Irekebishe kwa mkono wako, kisha uilete upesi. Kalamu nimeiweka chini ya mto, na Mwanahawa nimemwonyesha ilipo, atanishika mkono.

Mwandishi wako,
Filipo