Piksi Amemng'ata Helena

Jumatatu, 13 Septemba 1954
Memsabu, mzungu ninayempikia, karudi kutoka Masasi na mbwa wa Ulaya. Jina lake Piksi. Mbwa gani huyu! Paka wangu wa jikoni anamzidi. Kichwa kama chungwa, masikio ya popo, macho yamemtoka, miguu vijiti vitupu. Anatetemeka kutwa, hata juani. Na roho mbaya! Ila memsabu, hampendi mtu. Nikimpelekea nyama ananibwekea. Cuthbert wa bustani akipita, anamrukia kisigino. Na anaogeshwa ndoo nzima — maji ambayo sisi tunayafuata bondeni. Haya.

Jumamosi, 18 Septemba
Mbwa koko kaingia uani, mate yanamchuruzika, kamrarua Piksi sikio. Cuthbert kamuua kwa jembe. Nikamwambia memsabu yule alikuwa na kichaa. Akajibu Piksi alichanjwa kwao, tena nifunge mdomo. Askari wanapiga risasi mbwa wa vijijini, anaogopa na wake asije akapigwa.

Jumatatu, 11 Oktoba
Helena wangu kang'atwa! Alikaa mlangoni pa jiko ananingoja, akanyoosha mkono amshike Piksi. Meno yakazama kwenye kidole gumba. Nililia mimi kuliko mtoto. Memsabu katoa dawa ya kupaka na biskuti. Ndiyo tabia ya mbwa hawa, anasema, wana wivu.

Jumanne, 12 Oktoba
Zahanati, kwa Silvano, dresa wetu wa kufunga vidonda. Kaosha kidonda kwa sabuni mpaka Helena akapiga mayowe. Sindano za kichaa cha mbwa ziko Lindi, za tumboni, na hawamchomi mtu kama mbwa ni mzima. Akauliza: Piksi anatetemeka? Anauma ovyo? Anajificha chini ya viti? Nikamwambia yote hayo, tangu siku aliyofika. Akafunga kidonda, akasema:
"Mama Helena, hawa wadogo mimi siwajui. Wewe ndiye unayemjua. Siku akibadilika tabia, usingoje kitu."

Jumatano, 13 Oktoba
Piksi kanibwekea! Kamrukia Cuthbert! Asante Mungu. Sijawahi kufurahia ubaya wa kiumbe namna hii.

Alhamisi, 14 Oktoba
Kabweka, lakini sauti imekauka. Vumbi labda. Jirani yangu Bimdogo anasema nimpeleke mtoto Lindi leo leo — mdharau mwiba mguu huota tende. Wakimrudisha je, kwa kuwa mbwa bado mzima? Naogopa. Nangoja kesho.

Ijumaa, 15 Oktoba
Asubuhi nilipeleka nyama. Piksi kimya. Hakuigusa. Akaja mwenyewe, taratibu, akalaza kichwa juu ya mguu wangu. Hatetemeki. Cuthbert akaingia na kuni — Piksi akamtikisia mkia, akakubali kubebwa.
Memsabu akapiga makofi kwa furaha. "Umeona, Veridiana? Mwishowe amewapenda!"
Nikamwambia Cuthbert amweke chini, akacheka tu. Nikambeba Helena nikakimbia.
Naandika barazani pa zahanati. Lori la Lindi lilishapita alfajiri, lingine Jumatatu. Silvano kaenda misheni kuomba gari. Nilipomweleza alimtazama Helena, mimi hakunitazama.
Helena alisikia yote. Yuko hapa mapajani mwangu, ananivuta kanga. Anauliza, kwa kuwa Piksi sasa ni mwema, kesho nimpeleke akacheze naye?